Nundu Mbili za Narigona

Fuvu jipya lilipotolewa kwenye ganda lake la plasta, watu wanne walikuwa wamelizunguka na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Lilikuwa fuvu zima, pande zote mbili, jambo ambalo katika machimbo ya Paso Pardo mtu hulishuhudia mara moja katika umri wake akibahatika. Na pua yake ilikuwa laini. Kutoka kwenye matundu ya macho hadi mdomoni ilishuka taratibu, bila nundu, bila tuta, bila hata kipele.

Mkuu wa mji, aliyekuwa amekuja na mpiga picha wake, ndiye aliyevunja kimya. Aliuliza kama nundu zimebaki kwenye plasta.

Hazikubaki. Nélida Pugh, mchoraji wa makumbusho kwa miaka thelathini na mitatu, alikwisha kuliona hilo tangu brashi ya kwanza ilipofagia mchanga, na tangu hapo alitamani kurudi nyumbani.

Ukitaja Paso Pardo umemtaja Narigona, yaani Bibi Mapua. Mnyama huyo ana jina la Kilatini pia, refu, ambalo huwezi kulitamka ukiwa na mkate mdomoni, lakini sisi tumemwita Narigona tangu alipochimbwa, kwa sababu ya nundu mbili zilizosimama juu ya pua yake bega kwa bega. Sanamu yake ya saruji inawapokea wageni barabarani. Nundu zake ziko kwenye beji ya shule, kwenye fulana za timu ya mpira, na kwenye biskuti za duka la mikate, ambazo watoto huanza kuzila kwa nundu. Miji mingine ina milima na maziwa ya kujivunia. Sisi tuna upepo, kondoo, na dinosaria mmoja mla majani.

Na yote hayo yametoka katika picha moja, ya Nélida: Narigona saba wakinywa maji mtoni, pua saba, nundu kumi na nne. Picha hiyo imenakiliwa katika vitabu vya nchi ambazo yeye hata herufi zao hazijui.

Wasiojua kazi hii hudhani mchoraji wa viumbe vya kale hukaa akaota. Nélida alikuwa hana subira na watu wa namna hiyo. Unaanza na mfupa. Juu ya mfupa kuna alama za mahali msuli uliposhika, hivyo unaweka msuli. Juu ya msuli unaweka mafuta na nyama laini, na hapo ndipo wachoraji wavivu huanguka, wakamvika mnyama ngozi juu ya mifupa mpaka anaonekana amefunga mwezi mzima. Kisha ngozi, kama umebahatika kupata alama yake kwenye tope lililoganda. Rangi huja mwisho, na rangi, alizoea kusema, ni siri ya Mungu na mchoraji. Lakini pua si rangi. Pua ni mfupa, na mfupa haubuniwi.

Shida ni kwamba fuvu la zamani, lile la Narigona wa kwanza, lilikuwa nusu tu. Upande wa kulia ulikuwapo. Wa kushoto ulikuwa umekwisha kuliwa na mvua na upepo kabla mchungaji mmoja hajauona mfupa ukichungulia mwambani. Nundu iliyopatikana ilikuwa moja. "Mnyama ana pande mbili," alisema Profesa Iriarte, bwana mkubwa wa makumbusho siku zile. "Nawe chora pande mbili." Ndivyo nundu moja ilivyozaa ya pili.

Maitena Etchart, binti wa miaka ishirini na tisa aliyekuja kutoka mji mkuu kuongoza machimbo, alijaza kibuyu cha yerba, majani machungu yanayonywewa kama chai, akavuta kwa mrija, akampa mkuu wa mji, na huku kibuyu kikizunguka akaeleza kwamba njia ziko mbili. Huenda huyu mpya ni jike na yule wa zamani ni dume, na nundu ni pambo la madume.

Mkuu wa mji aliidaka njia hiyo kabla ya kusikia ya pili.

"Basi ni dume. Tumemwita bibi miaka yote hii, atatusamehe," alisema. "Timu ya mpira itafurahi zaidi."

"Au yule wa zamani aliumia," Maitena akasema. "Alivunjika pua, mfupa ukaunga vibaya, ukafanya uvimbe. Sisi tukadhani ndivyo walivyozaliwa wote."

Kibuyu kilisimama mkononi mwa mpiga picha.

Tatizo, Maitena aliendelea, ni kwamba hakuna pa kuangalia. Nundu yenyewe ilivunjika vipande vipande miaka mingi iliyopita, sanduku lilipoangushwa likienda maonyesho ng'ambo. Iliyorudi Paso Pardo ilikuwa ya plasta, imetengenezwa kwa kufuata umbo lililochukuliwa kabla ya safari. Na umbo hilo ni laini kama chupa. Mfupa uliounga hauwi laini. Kwa hiyo kwa ushahidi uliopo, dume ndiye anayeshinda. Kisha akageuka.

"Bi Nélida, wewe ulikuwapo. Uliuona ule mfupa kabla haujasafishwa?"

"Miaka thelathini na moja, mwanangu," Nélida alisema. "Nani anakumbuka?"

Haukuwa uongo kamili, na uongo wa namna hiyo ndio mbaya zaidi, maana unaweza kuubeba miaka bila kuona uzito wake. Maitena aliitikia kwa kichwa, akamwomba achore picha mpya ya taarifa yao ya kisayansi: dume mwenye nundu, jike asiye nazo, wamesimama pamoja. Taarifa ingetumwa jaridani mwisho wa mwezi.

Ukweli ni kwamba Nélida alikumbuka mfupa ule kuliko alivyoikumbuka siku ya harusi yake. Siku ya harusi kulikuwa na upepo na wajomba walevi. Mfupa alikaa nao siku kumi na mbili, peke yao, akiuchora kwa nukta za wino, nukta baada ya nukta, kama kazi hiyo inavyotaka. Ukichora kwa nukta huwezi kudanganya macho, kwa sababu kila nukta ni uamuzi. Na macho yake yaliona kwamba uso wa nundu umejaa vitundu na mifereji iliyojisokota, mfupa umepanda juu ya mfupa kama uji uliofurika sufuria. Alikuwa amekulia kwenye shamba la kondoo la baba yake. Alikuwa ameona miguu ya kondoo waliovunjika wakapona, siku za kuchinja. Alijua anachokitazama. Akakichora.

Aliyeuona mchoro kwanza ni Ceferino Antilef, fundi wa karakana, mtu wa kutoa mifupa kwenye mwamba kwa sindano na patasi, na mume wake wa miaka miwili. Alisimama nyuma yake muda mrefu.

"Gringa," yaani Mzungu, alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita kwa sababu ya nywele zake nyekundu, "umeuchora mpaka unauma."

Wa pili ni Profesa Iriarte. Aliutazama kwa lenzi, akautazama mfupa, akarudisha mchoro mezani. Akasema hakumwajiri amchoree uchafu. Yale yote ni mwamba ulioganda juu ya mfupa na haujatolewa bado. Achore mfupa, si takataka zake. Nélida akasema ndiyo, Profesa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na katika nchi nzima hakukuwa na mtu aliyembishia Iriarte akabaki na kazi. Mchoro wa pili ulichukua siku mbili tu. Kitu laini huchoreka haraka.

Mchoro huo ukabandikwa ukutani juu ya meza ya Ceferino. Profesa akasafiri, akaacha neno kwamba kifupa kisafishwe kifanane na mchoro.

Ceferino alipiga tupa alasiri nzima. Jioni alirudi nyumbani akiwa na unga kwenye magoti ya suruali. Mwamba wa Paso Pardo ni mwekundu. Ukiuchonga unatoa vumbi la rangi ya matofali, na kila mwanamke wa fundi hapa mjini anajua kuapa kwa ajili ya vumbi hilo. Unga wa magoti ya Ceferino ulikuwa mweupe. Ni mfupa peke yake unaotoa unga mweupe. Nélida aliifua ile suruali kwa mikono yake, na maji ya beseni yakawa kama maziwa. Ceferino hakula siku ile. Alisema jino linamuuma. Nélida akasema pole, akamchemshia maji ya chumvi, naye akasukutua mdomo ambao haukuwa na jino bovu hata moja.

Hawakulizungumza. Waliishi pamoja miaka ishirini na saba zaidi, wakagombana juu ya paa, juu ya mama yake Ceferino, juu ya watoto ambao hawakuwapata, wakapatana, na hilo moja hawakuligusa. Nélida alinyamaza ili mumewe asijue kwamba anajua alichofanya. Mumewe alinyamaza, nadhani, kwa sababu hiyo hiyo iliyogeuzwa. Kisha Ceferino akafa, miaka minne sasa, na makumbusho yakaweka kibao kidogo cha shaba mlangoni pa karakana: kwamba mikono yake ndiyo iliyomtoa Narigona kwenye mwamba.

Mchoro wa kwanza Nélida hakuuchana. Ulikuwa nyumbani, chini ya karatasi nyingine za zamani, na kwa wiki ile nzima alipita karibu nao akiangalia pembeni, kama unavyompita jirani mliyenuniana. Hakuwa akiogopa kwa ajili ya picha yake. Picha ilikwisha kumlisha sifa za kutosha. Alichoogopa ni kwamba mchoro ukitoka, swali la pili litakuwa: nani aliusugua mfupa? Katika kazi yetu kusugua mfupa ni dhambi isiyo na toba. Duniani kote wangemjua Ceferino Antilef kwa mara ya kwanza, nao wangemjua kwa hilo, naye hayupo kujitetea. Basi acha dume liwe dume. Linamdhuru nani?

Akaanza kuchora dume.

Alimchora akitafuna, kwa kuwa alitaka misuli ya shavu ivute nyuma kidogo, na ili apate shavu sawasawa ilimbidi ayaone meno. Meno ya Narigona wa kwanza hayakuwa yameguswa na mtu. Yalikuwa palepale kwenye droo. Alivuta droo, akashusha taa. Meno yalikuwa marefu, makali, hayajachakaa. Hili halikuwa jipya: alikuwa ameyachora mwenyewe, na Profesa aliandika pembeni kwamba mnyama alikuwa kijana. Lakini baadaye mtu alikata mfupa wa mguu akahesabu pete zake za miaka, kama za mti, na mguu ukasema huyu alikuwa mzee. Wakati ule hakuna aliyekaa akaweka jino na mguu pamoja. Kila mtu alikuwa na sehemu yake.

Nélida akaenda kwenye fuvu jipya. Huko meno yalikuwa yamelika mpaka vigutu, kulia na kushoto sawasawa, kama inavyotakiwa kwa mnyama anayesaga majani magumu maisha yake yote.

Akarudi kwenye droo. Meno marefu kwa mnyama mzee, upande wa kulia, upande wenye nundu. Alikuwa hatafuni upande ule. Miaka na miaka alitafuna kwa kushoto tu, kwa sababu kulia kulimuuma.

Nélida aliketi kwenye kigoda na akalia. Nasema alilia, si macho kumlengalenga. Kwa miaka thelathini na moja nundu ile ilikuwa aibu yake na ya mumewe, kitu cha watu wawili, cha beseni na suruali. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba kulikuwa na wa tatu, na kwamba huyo wa tatu ndiye mwenye nundu. Kulikuwa na mnyama mmoja aliyeumia vibaya, asife, akajifunza kula upya. Hakuna aliyewahi kumchora. Walichora saba wenye mapambo.

Angeweza kumwonyesha Maitena meno tu na kuacha mengine. Alilifikiria hilo, maana mtu hukimbilia mlango ulio karibu. Lakini Maitena angesema meno bila nundu ni neno tu, na plasta laini ingembishia, na mkuu wa mji angepata dume lake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikwisha kupita mara moja nyumbani kwake bila yeye kujifunza.

Jumapili akaoka keki nyeusi, ile ya bibi zake waliokuja kwa meli kutoka Welisi, akaweka mchoro wa kwanza ndani ya mfuko mgumu, akaenda kwa Profesa Iriarte.

Mzee alikuwa na miaka themanini na mitano na jicho moja zima. Aliishi nyuma ya mstari wa miti mirefu iliyopandwa kukinga upepo, na binti yake alikuwa ameenda kanisani. Alimkaribisha Nélida kwa kumsuta kwamba anakuja pale tu anapokuwa na keki ya kumaliza. Akachemsha maji. Nélida aliogopa kama msichana. Alikuwa amejiandaa kwa makelele, na njiani alikuwa amejizoeza kutobabaika. Alitoa mchoro, akauweka juu ya kitambaa cha meza.

"Nini hiki?"

"Ule wa kwanza, Profesa. Uliosema nimechora uchafu."

Iriarte alitafuta lenzi yake. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia karatasi, akatembea na lenzi kutoka nukta hadi nukta, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Yerba ikapoa. Nélida alimweleza yote: fuvu jipya, pua laini, meno, unga mweupe. Alilitaja hata beseni.

"Kwa nini hukunibishia?" mzee aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita na wewe ulikuwa Iriarte."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo."

Mzee alirudisha lenzi kwenye nukta. Kisha akasema kitu ambacho Nélida hakukitarajia hata kidogo.

"Aliishi muda gani?"

"Nani?"

"Mnyama, mwanamke wee. Baada ya kuumia. Tazama hapa, mfupa umepandana mara tatu. Hii si kazi ya msimu mmoja." Kidole chake kilifuata nukta juu ya karatasi. "Na kama meno hayajalika namna hiyo, sema miaka mitano. Sita. Mnyama wa tani mbili anakula upande mmoja miaka sita, na chui wa enzi zile, au chochote kilichokuwa kikiwala, hakumpata. Vipi? Alikuwa peke yake? Nani alikuwa karibu naye?"

Akauliza maswali mengine kumi, akasahau kula keki. Hakukasirika, au hasira yake ilichelewa njiani. Nélida alimtazama akiwa na uchungu wa ajabu, kwa sababu alianza kuelewa kwamba kwa miaka yote ile alikuwa amemwogopa mtu ambaye, kama angesukumwa kidogo tu, huenda angefurahi. Huenda. Iriarte wa siku zile hakuwa huyu wa leo, na labda angemfukuza kazi kweli. Hilo halitajulikana tena, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Mimi nimefundisha darasani kuwa ni pambo miaka mingapi," mzee alisema, akaanza kucheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kumbe ni maskini mmoja aliyejigonga." Alipotulia alifuta jicho lake. "Sikiliza. Andikeni kwamba mimi niliamuru usuguliwe. Mimi sina cha kupoteza, nimebakiza jicho moja."

"Hukuamuru hivyo," Nélida alisema. "Ulimwambia afuate mchoro."

Wote wawili walijua mchoro ulikuwa wa nani.

Jumatatu asubuhi aliuweka mchoro juu ya meza ya Maitena, na kabla hajaulizwa akasema, "Nilikudanganya. Nilikumbuka." Maitena hakuruka kwa furaha, ingawa alikuwa na kila sababu. Aliufunga mlango. Alisikiliza, akaenda kuyaona meno, akarudi na uso mwingine. Kwa siku nne walifanya kazi pamoja, mmoja akiandika, mwingine akichora, na kibuyu kikienda na kurudi kati yao. Mkuu wa mji alipopewa habari alisema watu wawili hao wanataka kuiua sanamu, kisha akataka kujua kama angalau nundu moja itabaki.

Ijumaa Maitena alimpa Nélida maelezo ya chini ya mchoro ayasome. Yalisema kwamba uso wa mfupa uliharibika wakati wa kusafishwa, na kwamba mchoro huu ulifanywa kabla ya hapo.

Nélida alisoma mara mbili.

"Uliharibika wenyewe?"

"Bi Nélida, si lazima tumtaje." Maitena alisema kwa upole, alikuwa ameliwazia. "Watu wa huko nje hawamjui. Watamjua kwa hili tu."

Yalikuwa maneno yaleyale ambayo Nélida alijiambia wiki nzima. Lakini alipoyasikia yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, mtu ambaye hakumfahamu Ceferino, yaliuma. Yalimfanya mumewe aonekane fundi mzembe anayefichiwa aibu na watu wema.

"Nikuambie kitu," alisema. "Fundi akipiga tupa akaona unga mweupe, anaacha. Hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anaacha. Cefe alikuwa fundi bora kuliko wote waliowahi kukanyaga hapa, na aliuona unga mweupe, akaendelea. Alasiri nzima. Unajua kwa nini?"

Maitena aliweka kalamu chini.

"Kwa sababu mchoro uliokuwa mbele yake ulikuwa wangu. Alikuwa ameniona nikikaa na mfupa ule siku kumi na mbili. Akajisemea, kama Gringa ameuchora upya laini, basi ni laini, macho yangu ndiyo yaliyokosea. Aliniamini mimi akayakana macho yake. Na mimi nilijua kwamba nimechora uongo." Alishika meza. "Ukisema uliharibika, umemfuta yeye, na mimi umenisamehe. Sitaki msamaha huo."

Akachukua kalamu, akafuta sentensi ya Maitena, akaandika yake kwa mwandiko wa mchora ramani, kila herufi imesimama wima: Uso wa nundu ulisuguliwa na Ceferino Antilef, fundi, akifuata mchoro wa pili wa Nélida Pugh, mke wake, ambaye alijua kwamba mchoro huo si wa kweli.

Maitena aliisoma. Alisema wahariri hawataipitisha, si lugha ya taarifa za kisayansi. Nélida akasema basi waikatae, kisha akarudi kwenye meza yake kumalizia picha. Walikuwa bado saba, na bado mtoni, lakini sasa sita walikuwa na pua laini. Wa saba alikuwa na uvimbe mmoja, upande wa kulia, umekaa ovyo kama uvimbe wowote wa kweli, ngozi yake imevutwa na shavu la upande huo limenywea kwa kutofanya kazi. Hilo la shavu lilimchukua siku tatu. Aliwaweka wengine karibu naye, si karibu sana, kwa kuwa hakuna mfupa unaosema walikuwa umbali gani.

Taarifa ikatumwa. Baada ya miezi miwili ilirudi ikiwa na hoja arobaini na moja. Wahariri walitaka vipimo zaidi vya meno. Walitaka ramani ya machimbo ichorwe upya. Walitaka kujua kwa nini mtu wa mji huu alihesabu pete za mguu kwa njia ya kizamani. Na sentensi ya chini ya mchoro waliikubali, wakishukuru kwa uwazi wake, ila walishauri maneno "mke wake" yaondolewe, kwa kuwa hayahusiani na sayansi.

Nélida alipima meno tena. Alichora ramani mpya. Hoja arobaini alizijibu pamoja na Maitena, na ile moja aliijibu peke yake, kwa mstari mmoja: kwamba maneno hayo yakiondolewa, hakuna msomaji atakayeelewa kwa nini mfupa ni laini.